Uongo Uliomtoa Mjomba Kizimbani

(Haya niliyasema mbele ya vijana wanaosomea utangazaji. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza tu pale nilipozunguka mno.)

Walimu wangu, shikamooni. Na ninyi vijana, marahaba, hata kabla hamjaamkia.

Nimeombwa nizungumzie vita vya habari baina ya mataifa makubwa, hasa namna vinavyoingia ndani ya nafsi ya mtu. Wapo wataalamu ambao wangewaletea michoro. Mimi nimekuja na duka la vitambaa. Lilikuwa Bukoba, la mjomba wangu, na mwaka ninaouzungumzia ni 1987.

Kwanza niwape hali ilivyokuwa. Vita vya Amin vilitupitia 1978 na 1979. Ng'ombe walichukuliwa, nyumba zilichomwa, na baada ya hapo madukani hata sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Watu wakaishi kwa magendo. Miongoni mwa vitu vilivyovushwa kutoka Uganda kulikuwa na kitambaa kilichowapagawisha wanawake, kikiitwa Juliana. Kisha watu wakaanza kukonda na kufa, wale wale waliokuwa na hela na waliokuwa wakivaa vizuri. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walitoka kwetu Kagera. Ng'ambo ya mpaka waliuita silimu. Sisi tukauita Juliana.

Hebu jaribuni kuwa muuza vitambaa katika mji ambao ugonjwa umepewa jina la kitambaa. Wapo waliosema wanawake walikilipia kwa miili yao. Wengine walisema wafanyabiashara wetu waliwadhulumu Waganda, na Waganda wakawatupia uchawi. Vyovyote iwavyo, kidole kiliishia kwa watu kama mjomba. Wateja walipungua. Msikitini alisalimiwa kwa haraka haraka.

Ndipo siku moja dereva wa lori aliyetoka Kampala akamletea maneno mapya: ugonjwa huu umetengenezwa na jeshi la Marekani, kwenye maabara, kama silaha, ukawaponyoka. Nilikuwa kijana, nimekaa juu ya robota la vitenge. Namkumbuka mjomba alivyoshusha mabega. Hakukasirika hata kidogo. Alipumua, kama mtu aliyesomewa hukumu akaambiwa hana hatia.

Mabega yale ndiyo ninayotaka kuyazungumzia leo.

Sasa twende kwenye kiwanda. Maneno ya yule dereva yalikuwa yametembea kwa miaka minne. Julai 1983 gazeti la Patriot la New Delhi, lililokuwa likielemea upande wa Wasovieti, lilichapisha barua ya mtu asiyetajwa jina, aliyejiita mwanasayansi wa Marekani anayejulikana sana. Barua ilidai kwamba UKIMWI ulitokana na majaribio ya silaha za kibayolojia, ikitaja Fort Detrick, kambi ya jeshi iliyoko jimbo la Maryland. Kisha kimya, miaka miwili na zaidi. Tarehe 30 Oktoba 1985 gazeti la Moscow, Literaturnaya Gazeta, likaifufua habari ile. Likataja chanzo chake: gazeti la India.

Mmeuona mchezo? Mtu anaandika barua, anaipitisha kwa jirani, kisha anakuja kwenu mbio na kusema, "Jamani, mmesikia anayoyasema jirani?"

Leo hatubahatishi kuhusu jambo hilo. Katika kumbukumbu za usalama wa taifa wa Bulgaria ilipatikana taarifa ya KGB, shirika la ujasusi la Wasovieti, ya tarehe 7 Septemba 1985, ikiwaeleza wenzao kwamba wanaendesha mfululizo wa hatua kuhusu ugonjwa mpya uliozuka Marekani, na kwamba lengo ni dunia iamini umetokana na majaribio ya siri ya majasusi na wanajeshi wa Marekani yaliyowashinda kuyadhibiti. Imeandikwa kwa lugha kavu ya ofisini, kama ombi la mafuta ya gari.

Uongo ukahitaji koti jeupe la maabara. Akapatikana Jakob Segal, profesa mstaafu wa fizikia ya viumbe wa Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki. Alidai kwamba virusi vilitengenezwa Fort Detrick mwaka 1977 kwa kuunganisha virusi vya kondoo viitwavyo visna na virusi vingine vya binadamu, vikajaribiwa kwa wafungwa. Wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote walipokutana Harare mwaka 1986, kijitabu cha madai hayo kilikuwa kikigawiwa, na jalada lake lilisema ubaya huu ni wa Marekani, haukutoka Afrika. Oktoba mwaka huo gazeti la London, Sunday Express, likauweka ukurasa wa mbele. Siku chache baadaye gazeti la Moscow, Pravda, likachora katuni: mwanasayansi anamkabidhi afisa wa jeshi kichupa, na vijidudu vinavyoogelea ndani yake vina umbo la msalaba wa Wanazi. Kufika 1987, kwa hesabu ya serikali ya Marekani, hadithi ilikuwa imesimuliwa katika nchi zaidi ya 80 na kwa lugha zaidi ya 30.

Kisayansi haikuwa na miguu. Damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959, wakati ikiitwa Léopoldville, ilikutwa na VVU. Sasa tunajua virusi hivyo vilivuka kutoka kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kamerun kuja kwa binadamu mwanzoni mwa karne iliyopita. Kitu kilichokuwa ndani ya damu ya mtu mwaka 1959 hakiwezi kuwa kimebuniwa 1977. Basi. Sitakaa hapo, kwa sababu mjomba hakuiamini hadithi ile kwa sayansi, na wala hakuna ambaye angeing'oa kwake kwa sayansi peke yake.

Swali langu ni hili: mbona ilishika?

Makosa ya wengi wetu ni kudhani kwamba uongo wa kivita hushika kwa sababu umepambwa vizuri. Mimi naona kinyume. Barua ya Patriot haikuwa na ufundi wa ajabu. Ufundi ulikuwa kujua ni nani anaumwa na wapi. Na Afrika ya miaka ile ilikuwa inaumwa. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalikuwa yakituandika kama chimbuko la uchafu. Vijana wetu waliokwenda kusoma ng'ambo walipimwa damu kwa sababu tu ni Waafrika. Watu wakaanza kujitengenezea dawa ya aibu kabla KGB haijafika. Dar es Salaam walilichukua neno AIDS wakalifasiri "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Kinshasa walilipindua neno la Kifaransa, SIDA, likawa ugonjwa wa kubuni wa kuwakatisha tamaa wapendanao. Tulicheka. Lakini kicheko kile kilikuwa cha mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Moscow ikaufungua mlango. Ikasema: si ninyi, ni wao.

Na kilichoupa mlango bawaba ni ukweli. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo watangazaji wengi huteleza. Fort Detrick kweli ilikuwa makao ya utafiti wa silaha za kibayolojia za Marekani tangu 1943 hadi Rais Nixon alipouzima mradi huo mwaka 1969. Na kweli, huko Alabama, Idara ya Afya ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, 399 kati yao wakiwa na kaswende, tangu 1932 hadi 1972, bila kuwaambia wanaumwa nini na bila kuwapa penisilini hata ilipokuwa dawa ya kawaida.

La tatu liko karibu nasi zaidi. Mwaka 1960 mkemia wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aitwaye Sidney Gottlieb, alisafiri hadi Léopoldville akiwa amebeba sumu ya kumuua Patrice Lumumba. Aliieleza Kamati ya Seneti ya Marekani, iliyochunguza jambo hilo mwaka 1975, kwamba alichagua kitu kitakachosababisha ugonjwa wa eneo lile lile, ili kifo kionekane cha kawaida. Haikutumika, mkuu wa CIA pale alisema baadaye kwamba aliitupa mto Kongo, na Lumumba akauawa kwa risasi kule Katanga Januari 1961. Lakini tafakarini. Mwafrika wa mwaka 1987 anaambiwa kwamba Marekani imetengeneza ugonjwa. Ana haki gani ya kulicheka jambo hilo, wakati Marekani imekiri kwamba iliwahi kuleta ugonjwa ndani ya mkoba?

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtengeneza propaganda mwenye akili hahangaiki kutafuta nyoka. Anatembea na ung'ongo mfukoni, anatafuta mtu mwenye alama ya meno.

Naomba nitoke nje ya barabara kidogo, maana kuna kisa cha hapa kwetu kinachoonyesha kwamba woga ukishakomaa, mtu hahitaji hata adui wa kumdanganya. Januari 1965 Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani: Robert Gordon wa ubalozi wa Dar es Salaam, na Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar. Kwa maelezo ya Wamarekani, wawili hao walikuwa wakizungumza kwa simu namna ya kuishawishi Washington itume salamu za pongezi kwa maadhimisho ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari, wakasema wanahitaji "risasi" zaidi, wakimaanisha hoja. Simu ilikuwa ikisikilizwa. Aliyesikiliza akasikia risasi.

Mtamcheka? Mimi simcheki. Mwaka mmoja kabla ya hapo jeshi letu liliasi na Mwalimu akalazimika kuwaita Waingereza. Novemba 1964 ndege za Marekani zilishusha makomando wa Kibelgiji Stanleyville huko Kongo, Kisangani ya leo. Mwezi huo huo Waziri wa Mambo ya Nje, Oscar Kambona, alikuwa ameonyesha hadharani nyaraka za njama ya nchi za Magharibi dhidi yetu, nyaraka ambazo Wamarekani walisema ni za kughushi. Mtu aliyekula chakula hicho mwaka mzima, ukimsikilizisha neno "risasi" kwenye simu ya Mmarekani, atasikia nini kingine?

Nimemtaja Carlucci kwa makusudi. Geuza kurasa hadi Oktoba 1987. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, George Shultz, anakutana na kiongozi wa Wasovieti, Gorbachev, mjini Moscow. Pembeni yake yuko mshauri wa usalama wa Rais Reagan, ambaye ni Frank Carlucci yule yule. Gorbachev amekasirishwa na ripoti ya Marekani inayozitaja hila za Wasovieti, ukiwamo uzushi wa UKIMWI. Mjadala unakuwa mkali. Mwisho wa mwezi huo gazeti la Moscow, Izvestia, linachapisha kauli ya wanasayansi wakubwa wa Kisovieti wakijitenga na hadithi ya Fort Detrick. Mtu aliyefukuzwa Zanzibar kwa neno lililosikiwa vibaya alikuwa kwenye chumba ambamo uongo uliomwingia mjomba wangu ulikuwa ukibishaniwa. Dunia ndogo, vijana.

Turudi barabarani. Wanasaikolojia wana mambo mawili ambayo ningependa kila anayeshika maikrofoni ayajue. La kwanza: mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Hasher na wenzake, waliwapa wanafunzi sentensi wazikadirie ukweli wake, mara tatu, kila baada ya wiki mbili. Sentensi zilizojirudia zilipanda daraja la ukweli kila zilipotokea, ziwe za kweli au za uongo. Masikio yalizizoea, na akili ikadhani mazoea ni ushahidi. Sisi tuna methali yetu, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naipenda, lakini kwa mwandishi wa habari ni methali ya hatari.

La pili ni la zamani zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Carl Hovland na wenzake waliwaonyesha askari wa Marekani filamu ya jeshi kuhusu mapigano ya anga ya Uingereza. Walipowapima baada ya wiki tisa, kwa baadhi ya mambo askari waliikubali filamu zaidi kuliko wale waliopimwa baada ya siku chache. Watafiti walieleza kwamba huenda ujumbe hubaki kichwani wakati aliyeuleta ameshasahauliwa. Siku ya kwanza unajiambia, "Ah, haya ni ya jeshi." Miezi miwili baadaye unajiambia, "Nilisikia mahali fulani."

"Nilisikia mahali fulani" ndiyo njia nzima kutoka New Delhi hadi Bukoba. Nyumbani kwa mjomba redio ilikuwa ikizungushwa jioni kutoka London kwenda Moscow, kutoka Cologne kwenda Beijing, zote zikizungumza Kiswahili safi kuliko chetu. Lakini yeye hakuyapata maneno yale redioni. Aliyapata kwa mtu mwenye vumbi la safari yake ile ile. Kilichowashinda watangazaji wa mataifa manne kilifanywa na dereva mmoja aliyekuwa akikopeshwa chai.

Na hao waliotunga, walikuwa wasafi? Hapa hadithi inachukiza. Wakati wanawasingizia wenzao, Wasovieti wenyewe walikuwa wakiendesha kwa siri mradi mkubwa wa silaha za kibayolojia, uitwao Biopreparat, ingawa walikuwa wamesaini mkataba wa 1972 wa kuzipiga marufuku. Mwaka 1979 kimeta kilivuja kutoka kwenye kiwanda cha kijeshi mjini Sverdlovsk, kikaua watu wasiopungua 60. Serikali ikasema walikula nyama mbovu. Wamarekani nao, mwaka 1981, waliwatuhumu Wasovieti kwa kumwaga sumu iliyoitwa "mvua ya manjano" huko Laos na Kambodia. Wanasayansi waliochunguza baadaye wakasema kwamba mengi ya yale madoa ya manjano yalikuwa kinyesi cha nyuki. Mwizi ndiye anayefunga mlango mara tatu. Mwenye kutengeneza maradhi ndiye anayeona mtengeneza maradhi kila upande.

Machi 1992, Yevgeny Primakov, mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, alikiri kwamba kampeni ile ilikuwa kazi ya KGB. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa na dola lenyewe limevunjika. Hadithi haikufungwa. Mwaka 2005 ulichapishwa uchunguzi wa Wamarekani weusi 500: karibu nusu waliamini kwamba VVU vimetengenezwa na binadamu, na zaidi ya robo walisema vilitoka kwenye maabara ya serikali. Wanaume walioziamini sana hadithi hizi walikuwa wavivu zaidi wa kutumia kondomu. Hakuna jasusi aliyekuwa akiwalipa. Alabama ilitosha kuwalisha.

Mjomba naye alikuwa na mantiki hiyo hiyo, tena kali. Dada mmoja muuguzi alipokuja dukani na kondomu za msaada, mjomba aliigeuza pakiti, akasoma, akauliza, "Na hizi nazo zimetoka wapi?" Zilikuwa za Marekani. Akamrudishia.

Yule muuguzi hakubishana naye. Nimemfikiria mara nyingi katika kazi yangu. Alisema, "Sawa, mjomba, tuseme ni Wamarekani. Hayo wanayaweza, wameshayafanya mengine. Sasa mdudu wao yuko hapa Bukoba. Wewe unamzuia kwa nini?" Mjomba akanyamaza. Wiki ya pili alimtuma mtoto akachukue pakiti, kwa siri, ndani ya gazeti. Aliishi hadi uzee, na hadi anakufa hakuwahi kukubali kwamba Wamarekani hawahusiki. Muuguzi hakumwomba akubali. Hakumnyang'anya kile kilichomwinua mabega.

Msidhani haya ni ya wazee. Machi 2020 msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya China aliandika kwamba huenda jeshi la Marekani ndilo lililopeleka korona Wuhan, na haikuchukua muda jina la Fort Detrick likarudi mdomoni mwa watu, kama mzee aliyerudi kijijini kwake. Upande wa pili, shirika la Reuters lilifichua Juni 2024 kwamba jeshi la Marekani liliendesha kwa siri akaunti bandia zisizopungua 300 huko Ufilipino kuwatia watu shaka juu ya chanjo ya Kichina, wakati ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwafikia. Kwa Waislamu wa Asia ya Kati na Mashariki ya Kati, ujumbe ulikuwa kwamba chanjo ile huenda ina nguruwe. Tazameni uchaguzi huo. Kwa Mfilipino, uchungu wake na China. Kwa Mwislamu, haramu. Watu wamekaa ofisini wakajiuliza, huyu anaumwa wapi?

Basi mkipewa zamu, na ujumbe wa namna hii ukaingia kwenye simu zenu saa moja kabla ya taarifa ya habari, msianze kwa kuuliza tu kama ni kweli. Ulizeni pia unamfariji nani, na kwa jambo gani. Mkikanusha, msiusome uongo mara tatu na ukweli mara moja, kwa sababu mmeshasikia masikio yanavyozoea. Na msimcheke aliyeamini. Mkimcheka mmemrudisha kizimbani, na huko atamkumbatia wakili wake hata kama wakili ni mwongo.

Muda wangu umekwisha, mwalimu ananionyesha saa. Nachukua maswali. Tuanze na yule binti wa nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Lumumba.